Nani Alitoa Ngapi?

Mamangu alipolazwa, mimi na dada yangu mdogo ndio tulilipa bili. Pesa ziliingia mahali pamoja, zikatoka zikiwa kitu kimoja. Mama akapona. Wiki mbili baadaye mjomba akauliza kwenye kikundi cha familia cha WhatsApp: "Kwani nani alitoa ngapi?"

Jibu nilikuwa nalo kwa simu. Sikulituma. Badala yake nikaanza kuwaza kuhusu atomu mbili nilizokuwa nimesoma habari zake.

Mwaka 2007, katika Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, kikosi cha Christopher Monroe kilinasa atomu mbili za itabiamu, kila moja kwa mtego wake, umbali wa kama mita moja. Hazikugusana hata kidogo. Zilipigwa leza, kila moja ikatoa fotoni, yaani punje ya mwanga. Punje hizo zilikutanishwa kwenye kioo kinachopitisha nusu ya mwanga na kurudisha nusu, na mbele yake kulikuwa na vipokezi viwili. Mara nyingi punje zilipotea njiani, ikabidi kuanza upya. Lakini vipokezi vyote viwili vilipoitika kwa pamoja, zile atomu zilikuwa zimefungamana: hali ya moja haielezeki tena bila ya mwenzake.

Wengi wakifika hapo wanaanza kuandika mambo ya mapenzi. Mimi nilishikwa na sharti lake. Kusiwe na alama yoyote, popote, inayoonyesha punje ipi ilitoka kwa atomu ipi. Haitoshi watafiti kufumba macho. Habari hiyo ikiwepo tu, hata isiposomwa na mtu, mfungamano haupatikani.

Unaona vile hii ilinifaa. Mjomba anataka hesabu, hesabu inaua undugu, hata atomu zinajua. Ilinifaa mno, ndiyo maana nikaishuku. Atomu haichoki. Atomu haikopi nauli ili mwenzake apate dawa. Dada yangu hana kazi ya mshahara, mimi ninayo, na yeye alitoa karibu mara mbili ya nilichotoa. Mama akishukuru husema "wanangu", nami nachukua nusu yangu ya shukrani bila kukohoa.

Kwa hivyo nilikuwa nalinda nini hasa, undugu ama aibu yangu? Nadhani kufuta alama ni haki ya aliyetoa zaidi. Aliyetoa kidogo akifuta, huo ni wizi mdogo, hata akiuita upendo.

Jana nikampigia dada, nikamwambia nataka kuandika hesabu yote kwenye kikundi.

Akanyamaza. Kisha akasema, "Andika yako. Yangu achana nayo."

Nimeandika kiasi changu. Bado sijabonyeza kutuma, kwa sababu bili yenyewe kila mtu aliiona, na kutoa wanajua.