Njia Isiyoniuliza Kitu

Labirinti haina njia panda. Wengi huichanganya na mzingile wa kupoteza watu, wenye vichochoro visivyotoka. Labirinti ina mlango mmoja na njia moja, nayo hata ijipinde vipi itakufikisha katikati. Ile ya kanisa kuu la Chartres, Ufaransa, iliyojengwa sakafuni mwanzoni mwa karne ya 13, ina upana wa karibu meta 13 tu, ila anayeifuata hutembea zaidi ya meta 250.

Yangu ni ubao wa mninga. Fundi seremala alinichongea mfereji wa upana wa kidole, nami huufuata usiku baada ya rozari, kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia una haraka ya kuandika. Nikiwa na deni au mgonjwa nyumbani, kichwa hupanga na kupangua. Kidole kikishaingia mferejini hakina tena cha kuamua, na pumzi hushuka yenyewe.

Je, huko ni kusali? Mzee mmoja wa jumuiya yetu ndogo aliutazama ubao akaguna: "Mama, haya si mambo ya waganga?" Ana haki ya kuuliza. Umbo hili lilichorwa kwenye kigae cha udongo huko Pylos, Ugiriki, yapata miaka 1,200 kabla ya Kristo. Katika ukumbi wa mbele wa kanisa kuu la Lucca, Italia, ipo labirinti ya kidole iliyochongwa nguzoni, na maandishi ya Kilatini kando yake yanamtaja Daedalus wa Krete, fundi wa hadithi za kale za Kigiriki. Bikira Maria hayumo. Wala utulivu haukuwa desturi siku zote. Huko Auxerre, Ufaransa, makasisi walicheza juu ya labirinti ya kanisa lao siku ya Pasaka wakirushiana mpira, mpaka wakakatazwa mwaka 1538. Ya Reims, nchini humo humo, iling'olewa karne ya 18 kwa sababu watoto walikuwa wakipiga kelele juu yake wakati wa ibada (nawapenda sana watoto hao). Kuitembea kwa ajili ya kutuliza moyo kumeenea hasa tangu miaka ya 1990, kasisi Lauren Artress alipoianzisha katika Grace Cathedral, San Francisco.

Kwa hiyo simdanganyi mtu kwamba ubao unasali. Utulivu ni uwanja uliofagiwa; mgeni bado hajafika. Lakini kuna jambo limo katika mchoro wa Chartres ambalo hakuna mahubiri yaliyonifundisha vizuri hivyo: mapema kabisa njia hukupitisha ubavuni mwa katikati, kisha hukutupa mbali, hadi ukingoni. Anayepima ukaribu wake na Mungu kwa anavyojisikia moyoni atakata tamaa papo hapo, na kumbe hajapotea hata hatua moja.

Ukitaka kujaribu, ndugu msomaji, karatasi iliyochorwa inatosha. Zima simu, usikimbize kidole. Na usipotulia, iache. Rozari yako ipo palepale.