Je, Binti Ameumbwa na Akili Pungufu?

Ndugu msomaji, wako wazazi ambao, matokeo ya mtihani yanapofika na binti akawa na alama za chini katika hesabu kuliko kaka yake, husema papo hapo kwamba ndivyo Mungu alivyomwumba mwanamke. Kisha karo ya mwaka unaofuata hulipiwa mvulana peke yake. Maneno hayo ni mazito, kwani yanamsingizia Mwenyezi Mungu hukumu ambayo hakuitoa. Yafaa tuyapime.

Kama alama ndizo kipimo cha maumbile, dai hilo lawageukia wenyewe. Katika mtihani wa kimataifa uitwao PISA, waliopewa wanafunzi wa miaka 15 mwaka 2018, wasichana waliwapita wavulana kwa kusoma katika kila nchi iliyoshiriki. Kwa wastani wa nchi za OECD, walikuwa mbele kwa alama 30 hivi; na katika hesabu wavulana walikuwa mbele kwa alama 5 tu. Je, tuseme wavulana hawakuumbiwa kusoma, tuwatoe shuleni? Hakuna mzazi atakayekubali. Atasema kijana wake asaidiwe, na atakuwa amesema kweli.

Tazama pia Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza. Mwaka 1890 Philippa Fawcett alifanya mtihani mkuu wa hesabu chuoni hapo, akapata alama kumpita hata mwanamume aliyetangazwa wa kwanza. Lakini shahada hakupewa, maana wanawake hawakuruhusiwa kuipata. Chuo hicho kilianza kuwapa shahada kamili mwaka 1948, na bibi huyo alifariki mwaka huohuo. Mtu ambaye angehesabu wenye shahada za Cambridge katika mwaka ule wa 1890 asingemkuta mwanamke hata mmoja, na pengine angeandika kitabu kizima kuthibitisha upungufu wao!

Wala tusiende mbali. Jioni, watoto wanaporudi kutoka shuleni, ni nani anayetumwa maji? Ni nani anayepika, anayeosha vyombo na kumbeba mdogo wake mgongoni, hali kaka amekwisha kufungua daftari? Taa inapozimwa, mmoja amesoma saa mbili na mwingine hakusoma kitu. Kisha twawapa karatasi moja ya mtihani, na tofauti ikitokea twaiita maumbile.

Huenda mtafutaji wa haki akauliza, Islam yasemaje? Imepokewa katika Sahihi Bukhari kwamba wanawake walimlalamikia Mtume Mtukufu s.a.w. kuwa wanaume wamewashinda kwa kupata nafasi ya kuwa naye, wakaomba awawekee siku yao. Angalia jibu lake, ndugu yangu. Hakuwaambia kuwa elimu si fungu lao, wala hakuwaagiza wakaulize waume zao nyumbani. Aliwawekea siku, akakutana nao, akawafundisha. Alijua kwamba waliwazidi kwa nafasi, naye akawapa nafasi.

Na matunda yake yalionekana. Baada ya kufariki kwake Mtume s.a.w., masahaba walipotatizwa na jambo la dini, wengi wao, wanaume wenye ndevu zao, walikwenda kuuliza kwa Bibi Aisha r.a.