Pikipiki ya marehemu ni ya nani?

Kwetu Lubarika, chini ya kibaraza cha jikoni, tuna pikipiki nne za zamani: Yamaha AG 100 mbili, Yamaha DT 125 moja na Honda CG 125 moja. Wapita njia wanacheka: "Munalinda vyuma vya nini?" Sisi hatucheki, sababu swali hilo limekwisha kutugombanisha nyumbani.

AG 100 ya kwanza ilikuwa ya baba. Ilitengenezwa kwa watu wa mashamba: cheni yake imefunikwa, na nyuma kuna kibebeo kipana. Mtu wa bonde la Ruzizi anaelewa mara moja faida ya kufunika cheni, vumbi letu la kiangazi linakula chuma kama mchwa. Oktoba 1996, vita ilipoingia bondeni, baba alifungua motere akaificha katika shimo migombani, fremu akaiacha nje kama kitu kilichokufa. Tuliporudi aliifukua, akaiosha kwa esansi, ikawaka. Tangu hapo tukaihesabu kama mtu aliyekimbia pamoja nasi.

Baba alipofariki, usiku mmoja jirani alikuja kuiazima ampeleke mke wake Luvungi kujifungua. Tulimpa. Mama na mtoto walipona, lakini pikipiki ilirudi ikisukumwa. Alikuwa ameongeza esansi tupu. Motere ya namna ile haina oili yake chini kama ya Honda. Oili inaingia pamoja na esansi na kuungua nayo. Pampu ya kuichanganya tulikuwa tumeiondoa zamani, tukawa tunachanganya kwa mkono. Bila oili pistoni ikapata joto, ikanasa katika silinda. Jirani aliomba radhi hadi tukaona haya, maana nani alimwambia habari ya oili? Hakuna.

Silinda ikinasa huchongwa, unatia pistoni iliyozidi kidogo, milimita 0.25, halafu 0.50. Lakini kila kuchonga kunapunguza chuma, na ile ya baba ilikuwa imekwisha kuchongwa mara mbili. (Honda ndiyo haitusumbui: pikipiki nyingi za Kichina zilifuata motere yake, basi vipuri viko sokoni.) Tulitafuta hadi Uvira, tukanunua AG 100 nyingine iliyovunjika fremu, motere nzima. Tukaihamisha.

Hapo ndipo maneno yalianza. Baba mdogo alisema motere ndiyo roho, basi pikipiki ya kaka yake imekufa, tunaendesha ya mgeni. Kaka yetu alileta karatasi: namba ya shasi ni ileile. Mama alisema yeye anajua kiti tu, sababu alikikalia miaka mingi.

Mgiriki wa kale Plutarch aliandika habari za merikebu ya Theseus: watu wa Athens walikuwa wakitoa ubao uliooza na kutia mpya, na wenye hekima wakabishana kama bado ni ileile. Sisi hatukuhitaji kwenda mbali hivyo. Ngoma ikipasuka ngozi, wazee hawasemi ngoma imekufa. Wanachinja, wanawamba ngozi nyingine, na jina la ngoma linabaki. Linabaki kwa nini? Sisi tunaona ni sababu bado inapigwa kwa shughuli zilezile. Ngoma iliyotundikwa ukutani na ngozi yake ya kwanza, hata panya hawaiogopi.

Basi ubishi wa motere ulikuwa unaficha ubishi mwingine. Baba mdogo alitaka tuifunge kwa mnyororo, isiazimwe tena, iwe kumbukumbu. Hakukosea kabisa: kitu cha wote hufa upesi, na silinda nyingine haiko. Lakini baba hakuwahi kumkatalia mgonjwa. Tukiifunga, tutakuwa tumelinda chuma chake na kuacha desturi yake, na hapo ndipo itakuwa ya mgeni kweli. Kwa harusi na kwa soko tunakataa, hata kwa ndugu. Kwa mgonjwa hatuulizi.

Mnyororo ulinunuliwa, uko kwenye DT. Kwenye kibebeo cha AG tulifunga chupa ya oili na kifuniko cha kupimia chenye mstari mwekundu: mililita 40, kwa kila lita moja ya esansi. Anayekuja usiku tunamwonyesha mstari huo kwa tochi kabla hajapiga kiki.