Bawasiri: Tiba Yake na Ibada ya Mwenye Kuuguwa

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake. Amma baad.

Katika maradhi ambayo watu huyaficha hata yakawadhuru katika mwili na katika ibada, mojawapo ni bawasiri. Mtu huumwa na jino akalia mbele za watu, lakini akiona damu chooni hunyamaza mwaka na miaka. Wengine huacha kwenda msikitini kwa kuchelea nguo zisinajisike. Wengine huacha Sala kabisa, kwa kudhani kwamba mwenye kutokwa na damu hana Sala, na huu ni msiba mkubwa kuliko ugonjwa wenyewe. Haya iliyosifiwa katika dini ni ile imzuiayo mtu na maovu. Ama ile imzuiayo asiulize hukumu ya Sala yake, hiyo ni udhaifu tu.

Na lau ugonjwa huu ungalikuwa wa aibu, asingalitajwa nao sahaba mtukufu Imran bin Husayn, Mwenyezi Mungu amwie radhi. Bwana huyu alisilimu mwaka wa Khaibar, yaani mwaka wa 7 wa Hijra, kisha Sayyidna Umar akampeleka Basra kuwafundisha watu dini, akafa huko mwaka wa 52. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari ya kwamba alikuwa na bawasiri, akamwuliza Mtume habari ya Sala. Naye akamwamrisha asali kwa kusimama, na asipoweza asali kwa kukaa, na asipoweza asali kwa ubavu. Hukumu hii husomeshwa katika kila chuo, na wanafunzi huihifadhi, lakini wachache wajuao kwamba asili yake ni swali la mgonjwa wa bawasiri. Swali la mtu mmoja aliyeumwa mahali pa siri limekuwa nafuu kwa kila mgonjwa hata leo.

Basi bawasiri ni nini? Mwishoni mwa utumbo wa kila mwanadamu mna vijito vidogo laini vyenye mishipa ya damu, navyo husaidia kuiziba njia ile. Vijito hivyo vikivimba na kushuka, ndiyo bawasiri. Si mdudu, wala si uchawi, wala si maradhi ya kuambukizwa. Ile ya ndani aghalabu haiumi. Alama yake ni damu nyekundu mbichi ionekanayo baada ya haja, au katika maji ya kustanji. Ile ya nje ni kinundu, na damu ikiganda ndani yake huuma sana, hata mtu hawezi kuketi. Sababu yake kubwa ni choo kigumu na kujikamua. Tena mimba na uzazi, na kuhara kwa siku nyingi, na kuinua mizigo mizito.

Na sababu nyingine ni kuketi chooni muda mrefu. Hili si jambo lililozuliwa na matabibu wa leo. Sheikh Abu Ishaq ash-Shirazi, aliyekufa mwaka wa 476, ametaja katika al-Muhadhdhab kuwa ni makuruhu kurefusha kikao cha haja, na hoja yake ni maneno yaliyopokewa kwa Luqman, kwamba jambo hilo huleta bawasiri. Vijana husoma mlango ule upesi upesi ili wafike kwenye udhu, na siku hizi wako waingiao chooni na simu wasitoke ila baada ya nusu saa. Mwenye haja na aende inapomjia, asiizuie mpaka ikakauka tumboni; kwani hata kusali hali ya kuizuia haja ni makuruhu.

Ama tiba, iliyo bora ni kulainisha choo. Mgonjwa na ale dona badala ya unga uliokobolewa, na kunde, na choroko, na mchicha, na papai, na tende. Avizidishe kidogo kidogo tumbo lisije likajaa upepo, na anywe maji mengi. Kisha aketi ndani ya beseni la maji ya vuguvugu, si ya moto, kadiri ya robo saa, mara mbili au tatu kwa siku, hasa baada ya haja. Kustanji kwa maji ni rehema kwake, lakini asisugue, na ajipanguse kwa kitambaa laini. Nafuu haiji kwa siku moja. Huenda ikataka majuma kadhaa.

Watu hutaja Hadithi ya kwamba tini hukata bawasiri. Ibn al-Qayyim amesema kuthubutu kwake kuna mashaka, basi haifai kumtegemezea Mtume maneno hayo kwa yakini. Tini na aliwe kwa kuwa hulainisha choo, na hilo latosha. Ama kupachika magadi, au ndimu, au mizizi mikali, au kuchanja kwa wembe, hayo huunguza na kuleta vidonda.

Wala si kila damu ni bawasiri. Huenda ikawa ni kuhara damu, au kichocho cha tumbo, au saratani ya utumbo. Damu ikidumu zaidi ya juma moja, au ikiwa nyingi, au choo kikiwa cheusi kama lami, au mtu akikonda, au akipata homa au kizunguzungu, au desturi ya choo chake ikibadilika, au akiwa amepita miaka 45, na aende hospitali akapimwe.

Katika madhehebu ya Imamu Shafi'i, damu itokayo ndani ya tupu ya nyuma hutengua udhu, ijapokuwa tone moja, na kinundu cha ndani kikitokeza nje hutengua vilevile. Ama damu ya kinundu kilichoota nje haitengui udhu, bali ni najisi ya kuoshwa. Ikiwa damu hukatika kwa muda utoshao udhu na Sala, yampasa asali katika muda huo. Ikiwa haikatiki, angoje wakati uingie, astanji, ajifunge kitambaa safi, atawadhe, asali papo hapo bila ya kukawia. Na afanye hivyo kwa kila faradhi. Sala yake ni sahihi, ingawa damu yatoka naye yumo katika sijida.

Na aliyefunga, kinundu kikimtoka akakirudisha kwa kidole, saumu yake haibatiliki, kwa kuwa ni dharura. Lakini dawa ya kutiwa ndani hubatilisha. Basi aitie usiku, na anywe maji ya kutosha baina ya futari na daku. Tabibu mwaminifu akimwambia kwamba kufunga kutamdhuru, ana ruhusa kula na kulipa siku nyingine. Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.