Miaka Inayohesabiwa na Isiyohesabiwa

Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inamtaka mgeni anayeomba uraia wa Tanzania kwa tajnisi awe ameishi nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka 10 iliyotangulia miezi hiyo awe ametimiza jumla ya miaka isiyopungua 7. Yapo masharti mengine: tabia njema, kujua Kiswahili au Kiingereza, nia ya kuendelea kuishi hapa. Tabia na nia zina ubishi wake. Miaka haina ubishi, hujumlishwa tu, na nadhani ndiyo maana serikali nyingi duniani zinaipenda. Lakini miaka hiyo inathibitisha nini hasa?

Inadhaniwa kwamba aliyekaa sana amelima, ameoa, amezika, amechangia ujenzi wa darasa, amegombana na jirani wakapatanishwa. Muda umeitwa kama shahidi wa mambo hayo. Basi tumpeleke shahidi huyu wilayani Ngara, mpakani na Burundi na Rwanda, tuone atasema nini.

Kihangaza cha Ngara na Kirundi cha ng'ambo ya mpaka vinasikilizana bila mkalimani, na watu wameoana tangu kabla ya Wadachi. Anayeomba kitambulisho cha taifa huko anaweza kujikuta mbele ya ofisa wa Uhamiaji. Baba alizaliwa wapi? Babu kazikwa wapi? Shamba mlipewa na nani? Barua ya mwenyekiti wa kitongoji iko mezani, muhuri wa mtendaji wa kijiji upo, na bado babu anasubiriwa aje kutoa ushahidi kutoka kaburini. Asipopata namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho hicho, hata laini ya simu hasajili kwa jina lake. Tuseme mwombaji huyo ni mzee: haombi kufanywa raia. Anasema ni raia tayari. Hata hivyo, miaka yake 60 ya kuishi Rulenge, Ngara, inakuwa myepesi kuliko miaka 7 ya mhandisi wa kigeni pale Masaki, Dar es Salaam, kwa kuwa ile ya mhandisi ina mihuri. Kinachohesabiwa, basi, ni ile miaka ambayo serikali ilikuwa inakutazama.

John Locke, katika karne ya 17, alidai kwamba hata anayepita barabarani tu ameridhia kimyakimya kutawaliwa na nchi hiyo. David Hume akamjibu mwaka 1748: ni sawa na kusema kwamba mtu aliyepakiwa melini akiwa usingizini amemkubali nahodha, kwa vile tu hajajitupa baharini. Hoja ya Hume ingeeleweka upesi pale daraja la Rusumo, kwenye mpaka na Rwanda. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wanaokadiriwa kufikia robo milioni walivuka kutoka Rwanda kwa muda wa kama siku moja, wakajaza kambi ya Benaco. Hawakuwa wakichagua nchi, walikuwa wakikimbia. Desemba 1996 walirudishwa. Kukaa kwao hakukuwa na ridhaa ndani yake, wala sioni ubaya kukubali hilo.

Ugumu uko kwingine. Warundi waliokimbia kwao mwaka 1972 wakapelekwa kwenye makazi ya wakimbizi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu walifunguliwa mlango: zaidi ya 160,000 walipewa uraia. Ni jambo kubwa, nchi chache zimelifanya. Ila wenzao waliojichanganya vijijini Kigoma, wakalima na kuoana na wenyeji, hawakuwemo katika zoezi lile. Tafakari hapo. Kama miaka inadaiwa ili mgeni achangamane na wenyeji, hawa ndio waliofaulu zaidi, na kufaulu kwao ndiko kulikowaweka nje ya orodha.

Mtu atasema: basi tuwaulize majirani. Nami napenda jibu hilo, ila nimewahi kuona ugomvi wa mpaka wa shamba unavyoharibu ushahidi. Mwaka 2013, wakati wa Operesheni Kimbunga, ya kuwaondoa wahamiaji haramu, iliyogusa Kagera, Kigoma na Geita, neno la jirani liliweza kukuokoa au kukuvusha mpaka. Kutoka Ngara mpaka Nyakahura na Nyakanazi kule Biharamulo, mwenye ng'ombe wengi au shamba zuri ana sababu ya kuogopa kinywa cha jirani kuliko muhuri wa ofisi.

Wala cheo hakikingi. Mwaka 2001 Jenerali Ulimwengu, mwandishi mashuhuri mwenye asili ya Kagera na aliyekuwa mbunge, aliambiwa si raia. Balozi Timothy Bandora naye vivyo hivyo. Utumishi wao wote kwa Jamhuri haukuhesabiwa kuwa ushahidi.

Sipendekezi miaka 7 ifutwe. Kwa mgeni aliyekuja kwa hiari, ni kipimo cha haki. Ninachokikataa ni kumgeuzia kipimo hicho mtu aliyezaliwa hapa, kisha kukataa kuihesabu miaka yake kwa kuwa haina karatasi. Kitabu cha mahudhurio cha shule ya msingi, kadi ya kliniki, daftari la kijiji, risiti ya kahawa kutoka chama cha msingi: vyote vipokewe kama ushahidi. Na kwa kuwa kifungu cha 23 cha Sheria ya Uraia kinamruhusu Waziri kukataa ombi bila kutoa sababu, Bunge lianzie hapo: anayekataliwa aandikiwe sababu, naye apewe mahali pa kuijibu.