Jani Nisilolijua

Mwanangu anafuga sungura wawili nyuma ya nyumba tunayopanga hapa Moshi mjini. Jioni akitoka shule hupita kando ya mfereji, hurudi na mkono umejaa majani, na kabla hajafungua banda huniletea jikoni. Huyapanga mezani moja moja. "Mama, hili wanakula?"

Mengi nayajua. Hiki kishona nguo, wanakula, ila ukichume kikiwa kichanga, kabla hakijatoa zile mbegu zinazonasa kwenye sketi. Huu mchunga, huu hata wakishiba watautaka. Hili linalotambaa, lenye ua dogo la samawati, ni kongwa. Wape, lakini kidogo, pamoja na nyasi kavu, kwa sababu limejaa maji. Haya matembele, sawa. Halafu linatoka jani ambalo silijui.

Wiki iliyopita lilitoka moja la namna hiyo. Laini, la kijani kibichi, halina miba, halina harufu mbaya. Kitunguu kilikuwa kinaanza kuungua kwenye sufuria na mtoto amesimama ananisubiri. Neno "wanakula" lilikwisha fika kwenye ulimi. Nikalimeza, nikasema, "Sijui." Akanitazama kama mtu aliyekuta duka limefungwa.

Tangu jioni ile nimekuwa nikijiuliza: mtu akisema "sikujua" baada ya madhara kutokea, amejitetea kweli, au ametoa tu sauti? Swali lenyewe si jipya kwangu. Nimekuwa nalo tangu nina miaka 11.

Tulikulia migombani, upande wa Machame. Kukata majani ilikuwa kazi ya watoto kama vile kuchota maji. Ng'ombe alikuwa bandani, mbuzi bandani, sungura kwenye kibanda chao cha mbao kilichoinuliwa juu ya miguu minne. Wote hao hawakuwa na njia ya kwenda kujitafutia. Walikula kile tulichowaletea, na tusipoleta hawakula. Masika hiyo haikuwa shida, majani yalikuwa hadi mlangoni. Shida ilikuwa Januari na Februari, jua linapokausha kila kitu na majani mazuri yanabaki bondeni tu, karibu na mto, mwendo wa kushuka kwa dakika chache na kupanda kwa nusu saa na mzigo kichwani.

Mdogo wangu wa kiume alikuwa na sungura wake, jike jeupe tulilomwita Cheupe. Kiangazi kimoja Cheupe alizaa watoto saba. Zamu ya majani ya jioni ilikuwa yangu. Nilikuwa nimechoka, bonde lilikuwa mbali, na pembeni mwa kibanda ulisimama mparachichi, majani yake mapana yakiwa ya kijani kana kwamba haukusikia habari za kiangazi. Shangazi yangu alikuwa akiyachemsha majani hayo na kuyanywa kwa ajili ya presha. Nikawaza, kama ni dawa kwa mtu, yatamdhuru nini sungura? Nikavunja matawi mawili, nikayasukuma ndani.

Cheupe alikuja, akanusa, akarudi nyuma. Hilo nililiona. Asubuhi yake majani yalikuwa pale pale, yamesinyaa, hajayagusa. Hilo pia nililiona. Sikuleta mengine. Nilijiambia kwamba anadeka, njaa itamfundisha. Na kweli, jioni nilikuta vikonyo vitupu, nikafurahi, nikavunja matawi mengine.

Baada ya siku mbili matiti yake yalikuwa yamevimba na kuwa magumu, maziwa hayatoki. Alihema kwa shida. Watoto wake walikuwa wakitapatapa na matumbo yamekunjamana. Alikufa kwanza yeye, kisha wale saba, mmoja baada ya mwingine, na wa mwisho tulimfia mikononi tukijaribu kumnywesha maziwa ya ng'ombe kwa kijiti cha pamba.

Baba aliuliza nani alileta majani. Mdogo wangu alikuwa amekata nyasi asubuhi moja zikiwa na umande, na kwetu kila mtu anajua kwamba nyasi zenye maji humvimbisha sungura tumbo. Kesi ikaisha hapo. Alichapwa fimbo mbili kwa sungura ambaye alikuwa wake mwenyewe. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa jiko. Nilijiambia kwamba sijui kilichomuua Cheupe. Na ilikuwa kweli, sikujua.

Nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipojifunza kwamba majani ya mparachichi yana sumu iitwayo persini, na kwamba sungura ni miongoni mwa wanyama inaowadhuru. Huharibu msuli wa moyo, na kwa mnyama anayenyonyesha huvimbisha matiti na kukata maziwa. Nilisoma sentensi hiyo nikiwa nimesimama, nikakaa. Nikajifunza na jambo jingine ambalo linanisumbua zaidi: sungura hawezi kutapika. Mwili wake haukuumbwa hivyo. Mbwa akila kibaya hukirudisha, mtu hukirudisha, lakini kwa sungura kilichopita koo kimepita. Anayemlisha hana nafasi ya pili.

Watu husema mnyama anajua mwenyewe kilicho kibaya, mwachie achague. Cheupe alichagua. Alikataa jioni nzima na usiku mzima. Aliyemwondolea chaguo ni mimi, kwa kuacha kibanda bila kitu kingine. Mwenye njaa akila hatuwezi kusema amekubali. Ujuzi wa mnyama una kazi pale tu mnyama anapoweza kuondoka na kwenda kwenye jani jingine. Ukishafunga mlango wa banda, ule ujuzi aliokuwa nao umeuchukua wewe, na sasa ni juu yako kuwa nao.

Tena si ujuzi mkubwa kama tunavyodhani. Sungura wa hadithi zetu, yule mjanja anayewazunguka fisi na simba, ni wa mbuga zetu hizi. Huyu wa bandani tunamwita jina hilo hilo, lakini ni mnyama mwingine. Wazee wake walitoka Hispania na Ureno. Mparachichi asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati. Viumbe viwili visivyojuana vilikutana Machame, ndani ya sanduku la mbao, na aliyewakutanisha alikuwa mtoto aliyechoka.

Basi mtu ajifunze majani, utasema. Nimejifunza, na kadiri ninavyojifunza ndivyo kanuni fupi zinavyonivunjikia mkononi. Tulifundishwa kuogopa jani lenye utomvu mweupe, na ni kweli mnyaa una utomvu mweupe unaoweza kupofusha jicho. Lakini mchunga nao ukiuvunja unatoa maziwa, na matembele pia, na vyote viwili ni chakula kizuri. Majina nayo hudanganya. Viazi vitamu na viazi mviringo tunaviita viazi vyote, lakini majani ya hivi vya kwanza ni mboga na majani ya hivi vya pili yana sumu. Hata kupima kwa tumbo la mtu hakufai. Shangazi alikunywa majani ya mparachichi kwa miaka. Kwa upande mwingine, wako sungura wenye kimeng'enya kinachovunja atropini, sumu iliyomo kwenye mimea kama beladona ya Ulaya, kwa hiyo hula jani ambalo lingemuua mtu na wakaendelea kurukaruka.

Kisha kuna mahali. Kishona nguo cha shambani kwa bibi na kishona nguo cha kando ya barabara ni mmea mmoja, ila cha pili huenda kimepuliziwa dawa ya kuua magugu juzi, au mbwa wa mtaa mzima hukikojolea. Kuna kiasi pia, maana jani zuri likitolewa kwa ghafla na kwa wingi huharibu tumbo la sungura aliyezoea nyasi kavu. Mtoto anaponiuliza kama jani hili ni salama, anadhani usalama umo ndani ya jani, kama rangi. Lakini umo katika mambo manne kwa pamoja: jani gani, limetoka wapi, kiasi gani, na anayelila ni nani.

Mambo yakiwa mengi hivi, ni rahisi kufika kwenye utetezi: nani basi anaweza kujua yote? Waswahili husema usilolijua ni usiku wa giza. Nimeusikia msemo huu ukitumiwa kumwonea huruma mtu aliyekosea. Lakini gizani mtu anaweza kusimama. Anaweza kupapasa. Kosa haliko katika giza, liko katika kutembea kana kwamba ni mchana na kumtanguliza mwingine mbele.

Mwaka 1877 Mwingereza aitwaye W. K. Clifford aliandika insha juu ya maadili ya kuamini. Anaanza na mwenye meli kuukuu iliyokaribia kusafiri na abiria waliokuwa wakihama kwao. Mtu huyo alikuwa na mashaka kama meli itafika, lakini matengenezo yangemgharimu, basi akajituliza kwamba imekwenda safari nyingi ikarudi. Akaamini kwa moyo kabisa. Meli ikazama. Clifford anasema imani yake ilikuwa ya kweli, lakini hakuwa na haki nayo, kwa kuwa aliipata kwa kuyazima mashaka yake. Halafu anaongeza jambo lililonishika: hata kama meli ingefika salama, angekuwa na hatia ile ile.

Nilihitaji kusikia hilo, kwa sababu mpaka leo sina uhakika. Huenda kweli zilikuwa nyasi za umande. Huenda Cheupe alikuwa mgonjwa tangu alipozaa. Kwa miaka mingi nilijificha ndani ya "huenda" hiyo. Lakini ninachokijua bila shaka yoyote ni kwamba nilimwona akinusa na kurudi nyuma, na nikalitupa nililoliona kwa sababu kulikubali kungenilazimu kushuka bondeni. Sikukosa elimu ya mimea. Mtoto wa miaka 11 hadaiwi kujua persini. Nilidaiwa kuamini macho yangu. Kutojua kwangu kulikuwa na bei, nami nilikataa kuilipa, ikalipwa na Cheupe, na kwa sehemu ikalipwa na mgongo wa mdogo wangu.

Krismasi iliyopita tulikutana nyumbani wote, nikamwambia. Tulikuwa tumekaa nje, karibu na pale kibanda kilipokuwa. Mparachichi bado upo. Nilimweleza yote, matawi, jioni ile ya kwanza, mlango wa jiko. Alisikiliza, akacheka kidogo.

"Dada, ulikuwa mtoto."

"Na wewe ulikuwa mdogo kuliko mimi, na ulichapwa."

Akanyamaza. Kisha akasema, "Unajua mimi mpaka leo siwapi ng'ombe wangu nyasi zenye umande? Nazianika kwanza. Vijana wangu wa kazi wananicheka."

Hapo ndipo nilipoelewa ukubwa wa kimya changu. Sikumwachia fimbo mbili tu. Nilimwachia maarifa ambayo huenda ni ya uongo, na ameyabeba maisha yake yote kama mtu aliyefunzwa na msiba. Aliyesema "sijui" kwa uvivu huwa hajaacha nafasi tupu. Mwingine hulijaza pengo hilo na kosa lake. Kwetu mtu akitaka kuomba msamaha wa kweli hupeleka sale, lile jani refu linalopandwa mipakani, na anayepelekewa ni vigumu kukataa. Asubuhi yake nilikwenda mpakani nikakata moja, nikampa kabla hajaondoka. Alilitazama, akaliweka juu ya dashibodi ya gari. "Hili lakini sungura hawali," akasema, akawasha gari.

Sasa nyumbani kwangu tuna utaratibu. Jani tusilolijua halitupwi na haliliwi. Linawekwa kwenye glasi ya maji dirishani pamoja na jina la mahali lilipotoka, na mwanangu analipeleka Jumamosi kwa mama anayetuuzia mboga, ambaye amelima miaka mingi kuliko umri wangu, au tunamwonyesha bwana shamba akipita. Wakati mwingine nao hawajui, na husema hivyo. Katika kungoja huko, sungura lazima wale kitu, na maana yake ni kwamba mmoja wetu anavaa viatu na kurudi kwenye mfereji, kule mbali ambako mchunga upo. Mwanangu hulalamika. Giza linaingia, ana kazi ya shule, na jani lenyewe linaonekana zuri tu.

Lile la wiki iliyopita bado liko dirishani. Mama wa mboga alisema tusubiri litoe ua ndipo atalitambua. Limeanza kutoa mizizi ndani ya glasi. Jana jioni mwanangu aliligeuza geuza, akauliza tena kama bado sijui. Nikamwambia bado. Akachukua mundu na mfuko, akaniuliza kama nakwenda naye au aende peke yake. Nikazima jiko, tukaenda.