Nyumba ya Kupangisha Uzeeni: Ishikwe au Iuzwe?

Bismillahi Rahmani Rahim.

Tumeulizwa na mmoja katika wanaohudhuria darasa letu, mtu aliyemaliza utumishi wake bandarini Mombasa. Ana nyumba ya vyumba sita huko Majengo aliyoipangisha, na yeye mwenyewe akaa katika nyumba nyingine ndogo. Pensheni yake haimtoshi. Mwili umechoka, wapangaji wengine hukawia kulipa, na paa lataka kutengezwa. Baadhi ya jamaa zake wamwambia aiuze apumzike, na wengine wamwambia kuwa nyumba ya mzee haiuzwi kwani ni ya watoto. Ataka kujua lililo sawa mbele ya Mwenyezi Mungu.

Jawabu yetu ni kwamba kuuza ni halali na kushika ni halali. Lakini mtu aweza kuuza kwa halali akapata dhambi kwa nia yake, na aweza kushika kwa halali akadhulumu watu. Basi kabla ya kuuliza lipi lina faida zaidi, na tuulize: ni nani mwenye haki katika nyumba hii?

Maadamu mzee yu hai, nyumba ni yake. Mirathi haipatikani ila kwa mauti, na mtoto hana fungu katika mali ya baba aliye hai. Kwa hivyo neno la kuwa nyumba ya mzee haiuzwi ni ada tu, halina asili katika sharia. Mzee hakulazimishwa kulala na njaa ili awaachie wanawe kuta. Mtume (S.A.W.) ametufunza kuanza na nafsi zetu, kisha walio juu yetu. Lakini Mtume huyo huyo alimzuia Saad bin Abi Waqqas, alipokuwa mgonjwa, asitoe sadaka zaidi ya thuluthi ya mali yake, akamfahamisha kuwa kuwaacha warithi wakiwa na cha kuwatosha ni bora kuliko kuwaacha wakiomba watu. Basi warithi hawana amri juu ya mzee, lakini wana haki ya kufikiriwa.

Na hapa yapasa tuseme wazi. Wako wanaouza nyumba si kwa haja, bali kwa hila. Mtu humwandikia mwanawe wa kiume nyumba kwa bei ya jina tu, ili mabinti wasipate kitu atakapokufa. Huku ni kuyakimbia mafungu yaliyotajwa katika Suratun Nisaa. Babake Nuuman bin Bashir alipompa mwanawe mmoja kipawa, akataka Mtume awe shahidi, aliulizwa kama amewapa wanawe wote mfano wake. Aliposema sivyo, Mtume alikataa kushuhudia. Na wako wauzao nyumba ili wafanye arusi ya fahari au karamu za matanga. Karamu huliwa siku tatu, na mwenye nyumba akabaki mpangaji umri wake wote.

Imepokewa hadithi kwa Ibn Majah kwamba auzaye nyumba kisha asiitie thamani yake katika mfano wake, hatabarikiwa katika fedha hizo. Maulamaa wamesema maneno juu ya isnadi yake, lakini maana yake twaiona kwa macho. Nyumba hukaa mahali pake, na fedha zina miguu. Siku ya kuuza, serikali huchukua asilimia 15 ya faida, kama ilivyowekwa tangu Januari 2023. Kisha jamaa huja kukopa. Zilizobaki mtu huzitia benki zimzalie riba, akawa ameacha kodi ya halali akashika haramu. Tangu mwaka 2008 Kenya kumekuwako mabenki yafanyayo kazi kwa njia ya ushirika pasi na riba, basi mwenye kuuza hana udhuru.

Ama kushika nako kuna wajibu wake. Kupokea kodi kila mwezi na mvua ikawanyeshea wapangaji vyumbani ni dhulma. Kuta hazina zaka kwa kauli ya maulamaa wengi, lakini kodi iliyowekwa ikafikia nisabu, nayo ni thamani ya gramu 85 za dhahabu, ikapitiwa na mwaka, hutolewa asilimia mbili na nusu. Na kodi izidipo shilingi 288,000 kwa mwaka, kuna ushuru wa serikali wa asilimia 7.5 tangu Januari 2024. Asiyeweza tena kupanda ngazi na kugonga milango na aweke wakili mwaminifu kwa ujira unaojulikana. Kuchoka kwa mwili si lazima dawa yake iwe kuuza.

Kuna jambo moja ambalo muulizaji hakulitaja: je, amehiji? Katika madhehebu yetu ya Shafii, Imamu Nawawi ameitilia nguvu kauli ya kuwa mwenye milki anayoishi kwa pato lake yampasa kuiuza ili ahiji, na wako maulamaa waliosema haimpasi. Kwa Shafii hija yaweza kukawizwa, basi mwenye nguvu aweza kuweka akiba ya kodi mpaka itoshe. Lakini mzee anayeona nguvu zake zamwondoka hana ruhusa ya kungoja.

Ushauri wetu basi ni huu. Ikiwa amekwisha kuhiji, na aishike nyumba, kwani ndiyo imzuiayo kunyoosha mkono. Alitengeze paa, aweke wakili, na aandike wasia. Akitaka, sehemu isiyozidi thuluthi ya mali yake aiusie iwe wakfu baada yake, kama Umar alivyoifanya ardhi yake ya Khaybar: asili haiuzwi, na matunda ni ya wenye haja.

Na ikiwa hakuhiji wala hana njia nyingine, au amepatwa na maradhi yahitajiayo matibabu, na auze bila ya kuona haya. Auze kwa bei ya soko. Amweleze mnunuzi hali ya paa, na kama nyumba ni ile isiyo na ardhi, kama zilivyo nyingi Mombasa, amwambie kuwa ananunua jengo tu na mwenye ardhi ni mwingine. Mapatano ya wapangaji hayavunjiki kwa kuuzwa nyumba. Wakae mpaka muda wao uishe. Na fedha zitakazosalia azitie katika nyumba ndogo zaidi.

Mwenyezi Mungu atatuuliza mali tuliichuma wapi na tuliitumia katika nini. Nyumba iwepo au isiwepo, swali hilo lipo.

Wallahu aalam.